Shajara ya mradi: bunduki ya .375 H&H, kuanzia komeo hadi risasi

Februari

Komeo limepatikana. Ni Winchester Model 70 Classic ya miaka ya 1990, kazi ya kiwanda cha New Haven, iliyokuja na mtutu wake wa .300 Winchester Magnum uliolika kooni. Mtutu huo utang'olewa. Nilichokilipia ni kile kinachobaki: kucha ndefu ya mtindo wa Mauser inayolidaka ganda tangu linapopanda kutoka magazini, na kufuli ya hatua tatu inayoishika pini yenyewe badala ya kushika kifyatulio peke yake.

Kazi ya bunduki hii imeshapangwa: elki (kulungu wakubwa wa Amerika) hapa Montana wakati wa vuli, halafu nyati nyumbani Tanzania nikijaliwa kibali na nauli. Nataka bunduki moja na darubini moja, na ikiwezekana aina moja ya risasi kwa wanyama wote wawili. Hilo la mwisho ndilo linalokula usiku wangu.

Kwa elki peke yake ningebaki na .300 na mjadala ungeishia hapo. Ipo tangu 1963, kila duka la Montana linaiuza, na inafika mbali. Kitu kimoja tu sikipendi: shingo ya ganda lake ina urefu wa inchi 0.264, fupi kuliko kipenyo cha risasi inayoishika, yaani 0.308. Inafanya kazi, mamilioni ya watu wanaitumia, lakini mimi nikiiona naona mtu aliyevaa kola ya mtoto. Moyo wangu ulikuwa kwenye .338 Winchester Magnum ya 1958, na nilikuwa nimeanza kuulizia bei za mitutu yake. Lakini Tanzania haikuruhusu kumfuata nyati, simba wala tembo na kipenyo kilicho chini ya .375. Sheria ikanimalizia nusu ya ubishi.

Februari, mwishoni

Zimebaki mbili: .375 H&H ya mwaka 1912 na .375 Ruger ya mwaka 2007.

Fundi wangu anasema Ruger, na hoja zake sina jibu la kuzivunja. Ganda la Ruger halina mkanda kitakoni. Lina urefu wa inchi 2.580, na risasi nzima ni inchi 3.340, sawasawa na .300 Win Mag, kwa hiyo magazini niliyonayo ingetumika ilivyo. Kitako cha ganda kina kipenyo kilekile cha inchi 0.532, kwa hiyo uso wa komeo haubadiliki. Presha ya juu inayoruhusiwa na SAAMI, chombo cha Marekani cha viwango vya risasi, ni ileile, paundi 62,000 kwa inchi mraba, lakini Ruger ina tumbo kubwa zaidi na hukimbia kasi kidogo zaidi ya H&H. Ukiweka karatasi mbili mezani, Ruger inashinda kila mstari.

H&H ina ganda la inchi 2.850 na risasi nzima ya inchi 3.600. Kuiingiza kwenye bunduki hii kunataka kisanduku kirefu cha magazini, kizuizi kingine cha komeo, na reli za kulishia zifanyiwe kazi kwa mkono. Hizo ni saa za fundi, na fundi huyu saa yake si ya karanga.

Nimechagua H&H. Sababu ya kwanza ni begi. Begi la risasi likibaki Doha au Addis, kambi ya uwindaji ya Tanzania bila kasha la .375 H&H ni nadra sana, maana ndiyo risasi ya kazi ya wawindaji wa kitaalamu kwa zaidi ya karne. .375 Ruger itabidi ubahatishe. Sababu ya pili ni umbo: ganda la H&H limechongoka taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni, na bega lake lina mteremko wa nyuzi 15 tu. Linateleza kuingia chembani. Kwa mnyama anayeweza kukurudia, risasi ya pili kuingia bila kusita ina thamani kuliko futi mia za mwendo.

Machi

Kabla mtutu haujaja nimeshaanza kujaza risasi, japo bandia. Fundi ameomba risasi zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), zenye kichwa, yaani kile kinachoruka kumfuata mnyama, kilekile nitakachowindia, kwa urefu uleule. Anasema wateja humletea risasi za dukani za kulengea reli, kisha wanarudi nyumbani wanaweka kichwa chenye pua bapa, halafu wanamlaumu yeye bunduki inapokwama. Kwa hiyo uchaguzi wa kichwa umebidi uje kabla ya bunduki yenyewe, jambo ambalo sikulitarajia lakini nimelielewa.

Kichwa: Swift A-Frame, greni 300, ambazo ni gramu 19.4. Ndani yake kuna ukuta wa shaba unaokata katikati. Nusu ya mbele hufunguka kama uyoga, na madini yake ya risasi yameunganishwa na ganda la shaba yasichomoke. Nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kuchimba. Wazo la ukuta lina historia yake. John Nosler alimpiga moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) huko British Columbia mwaka 1946 akitumia .300 H&H, vichwa vya siku zile vikapasuka juujuu kwenye ngozi iliyogandamana matope, akarudi nyumbani kubuni kichwa chenye vyumba viwili. Kikaanza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition. A-Frame imefuata njia hiyohiyo na kuongeza gundi, tuseme.

Nilivifikiria vichwa vya shaba tupu kama Barnes TSX. Ni vizuri sana, na kwa anayewinda California si hiari tena, kwani tangu Julai 2019 jimbo hilo limekataza madini ya risasi katika uwindaji wote. Lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Kwa baruti ninayoifikiria, nafasi hiyo naihitaji.

A-Frame ina mfuo wa kubania, yaani kijifereji ambamo mdomo wa ganda hubanwa. Huu si urembo. Bunduki ikipiga teke, risasi zilizomo magazini hugonga ukuta wa mbele kwa pua, na kichwa kisichobanwa huzama ndani ya ganda kidogo kidogo kila mlio. Kikizama, nafasi ya baruti hupungua na presha hupanda, na wewe hujui.

Aprili

Mtutu umefika: inchi 24, mfereji wa ndani unajipinda mzunguko mmoja kila inchi 12, kipimo cha kawaida cha .375. Fundi amekata chemba, ameongeza boriti mbili za chuma ndani ya mti wa jozi usije ukapasuka, na amemimina epoksi chini ya kizuia-teke. Bunduki nzima na darubini yake ndogo ina kilo 4.2. Nilitaka nyepesi zaidi, kwa sababu milima ya hapa haina huruma, lakini .375 hurudisha nyuma takriban futi-paundi 40, maradufu ya .30-06. Kila gramu unayoipunguza utaikuta begani.

Reli zimemchukua fundi muda kuliko mtutu. Alikuwa akisukuma risasi bandia, anatazama alama za kukwaruza kwenye shaba, anasugua kidogo, anasukuma tena. Sasa ukiigeuza bunduki ubavu, au juu chini, komeo linameza risasi vilevile.

Aprili, mwishoni: habari ya mkanda

Hapa ndipo wengi wanaojaza risasi za magnum wanapoharibu maganda yao, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Mkanda ni pete nene iliyo mbele tu ya kitako cha ganda. Holland & Holland waliuweka kwa mara ya kwanza kwenye .400/375 ya mwaka 1905, na kwenye .375 ukawa na sababu nzuri. Risasi lazima isimame mahali pamoja ndani ya chemba, isizame mbele wala isiache mwanya nyuma, la sivyo pini haitaifikia fataki vizuri na ganda litanyooka kupita kiasi. Bunduki za mitutu miwili zilitumia ukingo uliochomoza kitakoni, lakini ukingo hunasana ndani ya magazini. Bega la nyuzi 15 nalo lilionekana mteremko dhaifu mno kushikilia risasi. Mkanda ukawa jawabu: hausumbui magazini, na unagota kwenye ngazi iliyokatwa chembani. Umbo hilo jembamba lilikuwa la enzi za kodaiti, baruti ya nyuzinyuzi iliyopandisha presha vibaya kwenye joto la Afrika na India, ndiyo maana waliacha tumbo kubwa ndani ya ganda. Baadaye mkanda ukarithiwa na .300 Win Mag, .338 na wengine ambao mabega yao makali hayakuuhitaji kabisa. Wakati huo ulikuwa umeshakuwa alama ya biashara: isiyo na mkanda haikuuzika kama magnum.

Kiwanda kikitengeneza ganda lenye mkanda, hupima kwa makini umbali wa mkanda. Bega huachwa nyuma kidogo ili risasi iingie kwenye chemba yoyote duniani. Ganda langu jipya, kabla halijapigwa, bega lake liko nyuma ya bega la chemba yangu kwa inchi 0.017. Baruti ikiwaka, kuta za mbele hujishika kwenye chemba huku bega likisukumwa mbele lijaze mwanya huo. Shaba ya kufanya hivyo inatoka mahali pamoja tu: ukutani, juu kidogo ya mkanda. Hapo unene unapungua.

Mara moja si tatizo. Tatizo ni maelekezo yanayokuja na kalibu (chombo cha kurudishia ganda lililopigwa umbo lake), kwamba uiteremshe mpaka iguse kishikio cha ganda kisha uongeze kidogo. Ukifanya hivyo, unalirudisha bega nyuma lote, risasi inasimamia mkanda tena, na mlio unaofuata unainyoosha shaba ileile mahali palepale. Baada ya kupigwa mara chache ganda linakatika pande mbili chembani. Ukiwa mbele ya nyati, nusu yake imebaki ndani na komeo halifungi.

Kwa hiyo mkanda nimeuacha ushikilie mlio wa kwanza tu. Baada ya hapo nasimamia bega. Nimetoa pini kwenye komeo, nikachukua ganda lililopigwa, nikateremsha kalibu robo ya robo ya mzunguko mpaka komeo lilipofunga kwa uzito wake huku nikihisi mguso mdogo. Kwa kalipa, bega limerudi inchi 0.002. Hapo kalibu imefungwa kwa nati na haitaguswa. Kwa bunduki ya shabaha 0.001 ingetosha, lakini hii itapita kwenye vumbi la Ruaha, naitaka ifunge bila kulazimishwa.

Kila mzunguko naingiza waya wa klipu ya karatasi niliyoipinda ncha, nakwaruza ukuta wa ndani kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye kijifereji juu ya mkanda, ganda hilo ni la jalala hata kama nje linang'aa.

Mei

Mjomba wa Manyoni ameniuliza kwa WhatsApp: "Mpwa wangu, huko Marekani risasi hazipo dukani?" Nikamjibu, "Zipo mjomba, ila kasha la ishirini lenye vichwa hivi linavuka dola mia." Akakaa kimya kidogo kisha akaandika, "Basi endelea kushindilia." Amezeeka na gobole, anajua gharama za baruti.

Pesa si sababu kubwa lakini. Ninachotafuta ni risasi moja inayofanya vilevile Novemba kwenye baridi chini ya sifuri na Septemba kwenye joto la nyuzi 35. Kiwanda hakinijui mimi wala ratiba yangu.

Fataki: Federal 215. Ganda la .375 linabeba zaidi ya greni 70 za baruti, na siku ya baridi nataka mwali mkubwa. Ninazo za kutosha tangu kabla ya ule uhaba wa wakati wa Korona, uliofanya watu wazima wapange foleni kama ya sukari.

Baruti nimeweka mbili mashindanoni. Reloder 15 inawaka haraka kiasi, inatumia greni chache, na watu wa .375 wanaipenda tangu zamani. H4350 ni ya polepole, inajaza ganda mpaka kichwa kinaikandamiza kwa sauti ya kokoto ndogo. Hii ya pili hutengenezwa Australia, na ni ya lile kundi lililobuniwa lisibadilikebadilike kwa joto.

Greni nilizofikia sitaziandika. Chemba yangu si yako, na aina ya ganda inaweza kubadilisha nafasi ya ndani kiasi cha kuifanya risasi yangu salama iwe bomu kwenye bunduki yako. Nimeanzia kiwango cha chini cha mwongozo wa mtengeneza baruti, nikapanda nusu greni nusu greni, nikipima kila baruti kwa mizani na si kwa kijiko. Mwongozo unauzwa, ununue.

Juni

Kwenye uwanja wa shabaha, asubuhi yenye ukungu na baridi.

Reloder 15 imetoa kundi zuri zaidi: matundu yakigusana kwenye yadi 100. H4350 ilitawanyika karibu inchi moja na robo mpaka nilipopanda ngazi moja zaidi, ikajikusanya chini ya inchi. Kwa bunduki ya nyati inchi moja ni anasa.

Juu ya presha: sitazami fataki kama imebapa. Fataki ya magnum ya aina moja hubapa mapema na nyingine hukaa mviringo mpaka mambo yamekwisha kuharibika. Natazama kipima kasi. Mwongozo ukisema kasi fulani ndiyo ya juu kwa mtutu wa urefu huu, nami nikaifikia kwa baruti pungufu, basi presha yake nami nimeshaifikia, hakuna cha bure. Komeo likianza kuwa zito kunyanyua umeshapita zamani.

Julai

Siku ya jua kali, nimerudi na risasi zilezile. Kisanduku kilikaa juani mpaka shaba ikawa ya moto mkononi.

Reloder 15 ilipanda zaidi ya futi 40 kwa sekunde kulinganisha na ile asubuhi ya baridi, na kundi likahama kidogo. H4350 ilipanda futi kumi na kitu, ambazo haziwezi kutofautishwa na tofauti ya kawaida ya risasi kwa risasi. Reloder 15 ni baruti nzuri kwa mtu anayewinda majira mamoja. Mimi nimeshaamua.

Kasi niliyoikubali ni futi 2,480 kwa sekunde, karibu futi-paundi 4,100 mdomoni. Makasha ya kiwandani huandika 2,530. Jamaa mmoja uwanjani alinishauri nizitafute hizo hamsini zilizobaki. Nyati hatazihisi. Maganda yangu yatazihisi, na siku ya joto la nyuzi 40 huenda na komeo.

Darubini imewekwa sifuri kwenye yadi 200, yaani hapo risasi inagonga palepale ninapolenga. Risasi inakuwa juu kidogo ya inchi 2 kwenye yadi 100, na chini karibu futi moja kwenye yadi 300. Kwa elki nimejiwekea mpaka wa yadi 250. Msitu ninaouwinda hauonyeshi mbali zaidi ya hapo mara nyingi.

Agosti

Mazoezi ya kusimama, bunduki juu ya fimbo tatu kama wanavyofanya kule. Kwenye meza .375 inakufundisha kufumba macho, kwa hiyo meza nimeiacha. Kwa mazoezi najaza risasi laini za baruti ya H4895, ambayo Hodgdon wenyewe wanaoiuza wanaruhusu ipunguzwe hadi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Teke linakuwa la .30-06, bega linapumua, na kidole kinajifunza. Namalizia kila zoezi kwa risasi chache kamili ili mwili usisahau kinachokuja.

Maganda ya kwanza yameshazunguka mara kadhaa. Waya haujanasa popote. Shingo nazipasha moto sasa zisianze kupasuka.

Septemba

Nimeuliza habari za ndege. Mashirika ya ndege hushika kikomo cha IATA, chama chao cha kimataifa, cha kilo 5 za risasi kwa abiria. Risasi yangu moja ina gramu arobaini na kidogo, kwa hiyo zaidi ya mia zinaingia, na hakuna anayehitaji mia kwa nyati mmoja. Kwa forodha ya Marekani nitaandikisha bunduki na darubini kwenye Fomu 4457 kabla ya kuondoka, zisije zikaonekana bidhaa mpya wakati wa kurudi. Kibali cha muda cha Tanzania kinapitia kampuni ya uwindaji, na wanataka namba ya bunduki mapema.

Bado risasi ngumu. Kwa nyati, wawindaji wengi hutanguliza kichwa laini, kisha ngumu zisizofunguka zifuate magazini, kwa ajili ya mnyama anayekimbia akikupa mgongo. Nimeagiza vichwa vya shaba vyenye pua bapa, greni 300 vilevile. Vinapaswa kugonga ndani ya inchi mbili au tatu kutoka pale inapogonga A-Frame kwenye yadi 50, kwa sifuri hiihii ya darubini, na pua yao bapa ipite kwenye zile reli. Fundi ameshaomba mbili bandia.